Kuingia Si Kubeba: Mazungumzo na Wenye Magari ya Kasi, Mombasa

Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya matairi yanayopasuka. Kabla sijafika hapa mbele, kijana mmoja amenizuia mlangoni: "Fundi, kwenye Subaru STI yangu, rimu za inchi 19 zitaingia?" Nimemwambia zitaingia. Akafurahi. Sasa niruhusuni nimharibie furaha yake mbele ya watu, maana swali lake ndilo ninaloulizwa kila siku gereji, na ndilo linalotuletea ajali.

Karibu kila rimu huingia. Ukiwa na spesa za kusogeza rimu nje, na grainda ya kukatia madigadi, na fundi asiyejali, hata 20 itaingia. Lakini linaloamua kama utafika Voi salama ni jambo jingine kabisa: hilo tairi, kwa upepo utakaolitia, linabeba kilo ngapi? Hilo sijaulizwa na mtu hata mmoja jioni hii.

Tuanze na tairi hili la kwanza hapa mezani. Ubavuni limeandikwa 225/45R17 91W, na ni saizi ambayo STI nyingi za miaka ya 2000 zilitoka nayo kiwandani. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101 hivi. Rula hiyo hapo, asiyeamini apime. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wengi huacha kusoma hapo, na wauzaji wengi nao huishia hapo. Namba inayofuata, 91, ndiyo yenye roho zenu. Hiyo si kilo, ni namba ya jedwali la uzito, na kwenye jedwali hilo 91 ni kilo 615. Hiyo W ni mwendo wa juu kabisa wa tairi, kilomita 270 kwa saa. Y ni 300, V ni 240, H ni 210, T ni 190.

Haya, twende kwenye 19 ya kijana wetu. Ili kimo cha gurudumu zima kisibadilike na spidomita isiseme uongo, atauziwa 215/35R19. Ukipiga hesabu ya kipenyo, muuzaji yuko sawa: la 17 lina milimita 634, la 19 lina 633. Ndiyo maana atakuapia kwamba saizi ni ileile. Ila ubavu umeshuka kutoka milimita 101 hadi 75, na namba ya uzito imeshuka kutoka 91 hadi 85. 85 ni kilo 515. Kila gurudumu limepoteza kilo 100, na gari halikupungua hata ratili. Pengine limezidi, kwa zile spika mlizojaza kwenye buti mpaka spea tairi ikaachwa nyumbani.

Na bado sijafika penyewe. Karibu na namba hizo mtaona herufi mbili, XL. Mnaambiwa ni tairi lililotiwa nguvu, na ni kweli, lakini nguvu hiyo ina sharti. Kwa vipimo vya Ulaya, tairi la kawaida hubeba uzito ulioandikwa likiwa na upepo wa PSI 36, kipimo kile mnachokisoma kwenye geji. La XL hubeba wa kwake likiwa na PSI 42. Hilo 215/35R19 ni XL, kwa hiyo zile kilo 515 unazipata ukilijaza 42. Wewe nawe umezoea 32. Unaingia kituo cha mafuta, unashusha kioo, unamwambia kijana "tia thelathini na mbili zote", unaondoka na moyo mweupe. Kwa 32 hiyo, tairi lako la zamani la 17 lilikuwa likibeba takriban kilo 555. La 19, kwa 32 ileile, linabeba takriban 410. Geji imesoma sawa, wewe umetulia, na kilo 145 zimeondoka chini ya kila kona ya gari. Hata ukilijaza 42 kamili, hizo 555 halizifikii.

STI tupu ni karibu tani moja na nusu. Tia watu wanne, mabegi ya wikendi, tangi limejaa. Zidisha 410 mara nne, unapata 1,640. Msisahau kwamba uzito haugawanywi sawa: injini imekaa mbele, ukikanyaga breki mbele ndiko kunakolemewa, ukikata kona upande wa nje ndio unaobeba zigo. Kuna tairi moja kati ya hayo manne ambalo wakati huo linafanya kazi ya mawili.

Sasa, kulemewa kunapasuaje tairi? Watu wengi wanaamini tairi hupasuka kwa upepo kuzidi. Hutokea, lakini mara nyingi zaidi hupasuka kwa joto na kwa majeraha. Kila linapozunguka, pale linapogusa lami linakunjwa, likiondoka linanyooka. Kwa mwendo wa 100, gurudumu la STI huzunguka mara 14 hivi kwa sekunde. Chukueni waya mkunje na kukunjua haraka haraka, kisha mguse pale palipokunjwa. Joto la tairi ni hilohilo. Upepo ukiwa mdogo, au mzigo ukizidi, mkunjo unakuwa mkubwa na joto linapanda. Ndani ya tairi kuna nyuzi za chuma na za poliesta zilizoshikamanishwa na mpira. Joto likipita kiasi, mshikamano huo unaachia. Kwanza tabaka linaachana na jenzie kidogo, huoni kitu. Halafu mpira wa juu unabanduka, au ubavu unafunguka.

Tairi hili la pili nimelikata makusudi. Lipitisheni, kila mmoja atie mkono ndani. Mmeona vidole? Unga huo mweusi ni mpira wa upande wa ndani wa ubavu, uliosagika tairi likitembea na upepo pungufu. Geuzeni nje muone mstari wa kijivu uliozunguka ubavu mzima, hapo ndipo lilipokuwa likikunjika. Mwenyewe alinieleza limepasuka ghafla, barabara safi, hakugonga kitu. Sikumbishia, alikuwa bado anatetemeka. Lakini unga wa kiasi hicho hautoki kwa dakika moja. Tairi lilikuwa likijisaga humo ndani huku yeye akisikiliza muziki.

Na hapa nitaje kosa moja la barabara yetu hii ya kwenda Nairobi. Hewa ya tairi ikipata moto, presha hupanda: kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, PSI 1 hivi. Umetoka Mombasa asubuhi na 34, umefika Mtito Andei jua la utosi, geji inasoma 39 au 40. Lazima atatokea mjuaji akwambie "punguza, litapasuka". Usipunguze! Hiyo 40 ni 34 yako iliyopata moto. Ukiirudisha 34 ikiwa ya moto, ukweli wako ni kwamba unaendesha na 28 au 29, tairi litajikunja zaidi, litapata moto zaidi, na mbele yako bado kuna kilomita zaidi ya 200. Upepo hupimwa tairi limepoa. Likiwa na moto, kubali tu kuongeza kama limepungua sana.

Nasikia mnanong'ona kwamba rimu kubwa ndiyo ya mbio. Basi tuwatazame wenye mbio zenyewe. Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, pale Naivasha, na wengi wenu mmekwenda kula vumbi. Mliangalia magurudumu? Yale magari ya Toyota, Hyundai na Ford yakikimbia kwenye mawe na fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga, huko Kedong hufungwa rimu za inchi 15, na matairi ya 205/65. Ubavu wake una milimita 133. Magari hayohayo yakienda kushindana kwenye lami huko Ulaya hufungwa 18, tairi la 235/40. Pigeni hesabu: gurudumu la mawe lina kipenyo cha milimita 647, la lami 645. Kimo kimoja! Wahandisi wenye fedha zote za dunia, wanaoweza kufunga rimu yoyote waitakayo, wakifika Kenya wanapunguza chuma inchi tatu na kuongeza mpira. Hata diski za breki za mbele huzibadilisha, kutoka milimita 370 za lami hadi 300, ili rimu ndogo ipite. Na pamoja na hayo yote, pancha bado wanapata, na spea wanabeba.

Mkisema rali si mfano wa haki, nendeni kwenye Formula 1. Mpaka mwisho wa msimu wa 2021 magari yale yalitembea juu ya rimu za inchi 13, mwendo unapita 300. Hizo 18 zimeingia mwaka 2022 tu.

Na hukohuko Formula 1 kuna kisa ambacho ningetamani kibandikwe kwenye ukuta wa kila duka la rimu. Silverstone, Uingereza, tarehe 30 Juni 2013. Mbio zinaendelea, tairi la nyuma kushoto la Lewis Hamilton linapasuka akiwa anaongoza. Kisha la Felipe Massa. Kisha la Jean-Éric Vergne. Upande uleule, mizunguko michache tu kati ya kisa na kisa. Pirelli, wenye matairi, walipochunguza walitaja mambo manne: matairi ya nyuma yaliyofungwa upande usio wake, la kulia kushoto na la kushoto kulia, upepo chini ya kiwango walichoshauri, magurudumu yaliyoinamishwa kupita kiasi, na kingo kali za kona zilizokuwa zikipigwa kila mzunguko. Niambieni, katika hayo manne ni lipi hatulifanyi hapa mjini? Tairi lenye mshale tunalifunga kinyume. Upepo tunakadiria kwa kupiga teke. Magurudumu tunayalaza mpaka gari linatembea kwa ukingo wa ndani. Na kingo kali, mashallah, za kwetu hatuzitafuti.

Suala la mashimo linahitaji dakika zake. Tairi la ubavu wa milimita 75 likiingia shimoni, mpira unabanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi zinakatika. Upepo hautoki. Unajisemea alhamdulillahi, unaendelea. Baada ya siku kadhaa linatokea nundu ubavuni, mahali ambapo mpira peke yake ndio unaozuia upepo. Au nundu imetokea upande wa ndani, usipopaona. Halafu siku ya safari, kwa joto na kasi, panafunguka. Ndiyo maana mtu anapigwa na shimo Mariakani na tairi linapasukia Emali wiki mbili baadaye, naye anaapa kwamba ni tairi bovu la kiwandani. Nundu haizibwi na haitibiwi, tairi la nundu linatupwa hata kama meno yake ni mapya. Na ukipiga shimo la nguvu, gari lipandishwe jeki uangalie ubavu wa ndani kwa tochi.

Kuna na huu mtindo wa kunyoosha, tairi jembamba juu ya rimu pana. Nimeona 205/40R17 kwenye rimu ya upana wa inchi 9. Tairi hilo limeundwa kwa rimu za inchi 7 hadi 8. Ukilivuta hadi 9, ubavu unalala mshazari, ukingo wa rimu unabaki uchi, na ule mdomo wa tairi unaoshika rimu unavutwa upande usiotakiwa. Kwenye kona kali, upepo ukiwa umepungua kidogo, unachomoka. Mnaojaza kwa kupulizia dawa na kuwasha kiberiti mpaka tairi lipige mshindo likae, mimi na nyinyi tuna mazungumzo marefu, tutayafanya faragha. Kwa 225/45R17, kaeni kati ya inchi 7 na 8 na nusu. Kwa 225/40R18, kati ya 7 na nusu na 9. Kinyume chake, tairi pana juu ya rimu nyembamba, nako si kuzuri, linayumba na kuvimba mbavu, ila sikioni sana hapa.

Ofseti, yaani rimu imekaa nje au ndani kiasi gani, nitaipitia haraka. Rimu ikitoka nje mno, tairi linakula madigadi ukipakia watu. Ikiingia ndani mno, linakula shokabu. Mpira unaokwaruzwa na bati kidogo kidogo huchanika kama umepitishwa kisu. Jaza watu ndani, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, pita juu ya tuta, usikilize. STI za kuanzia 2005 zilihama kutoka nati za 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100, kwenda 5x114.3, kwa hiyo rimu ya rafiki yako mwenye ya 2003 haikuhusu. Ukikutana na mtu anayezilazimisha, chukua funguo zako uondoke.

Sasa umri. Sheria yetu inataka gari linaloingizwa lisizidi miaka 8, lakini matairi yaliyomo chini yake hayana cheti cha kuzaliwa isipokuwa ukisome mwenyewe. Tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna namba nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa mazima huku mpira umekauka. Mnamkumbuka muigizaji Paul Walker, aliyefariki California tarehe 30 Novemba 2013 ndani ya Porsche Carrera GT. Tairi halikupasuka siku ile, nisije nikanukuliwa vibaya. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo kupita kiasi. Lakini walipoyakagua matairi walikuta yana miaka 9, na wakaandika kwamba huenda yalichangia gari kutoshika barabara. Gari la thamani ile, mpira wa miaka 9.

Na magari yetu kutoka Japani huja na mtego mwingine: matairi ya theluji. Yameandikwa STUDLESS ubavuni, meno yake yana mikato myembamba myembamba mingi, na herufi yake ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani kilomita 160 basi. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ubaki laini kwenye barafu. Mtu anayaona mapya, anafurahi kapata matairi ya bure, anatoka nayo bandarini kwenda nayo Taru saa nane mchana. Yaondoeni. Sina lugha ya upole kwa hilo.

Basi tufunge nini? Mwenye STI ya kalipa za breki za Brembo hawezi kushuka chini ya 17, kalipa haipiti. Abaki 17, tairi 225/45 au 235/45, namba ya uzito isiwe chini ya ile ya kiwandani. Anayetaka 18 kwa roho yote, achukue 225/40R18 92 XL, na ajue kwamba upepo wake ni kuanzia 36 ili lifikie kile ambacho 17 ilibeba kwa 32. Kuna 225/40R18 nyingine ya 88 isiyo XL, saizi ileile, bei yake nafuu. Hiyo 88 ni kilo 560, na hapo tena mnahitaji 36 hizohizo bila akiba yoyote juu yake. Hiyo msinunue. 19 kwa barabara hizi sifungi. Nimeshapoteza wateja kwa neno hilo na wamekwenda kufungiwa mtaa wa pili.

Mwenye Toyota Altezza ya 215/45R17 87, akishuka hadi 205/55R16 91, ikiwa kalipa yake inapita, anaongeza kilo 70 za uwezo kila gurudumu na ubavu unapanda kutoka milimita 97 hadi 113. Kipenyo kinabadilika kwa asilimia 1 tu. Gari litaonekana la kizee kidogo, sikatai. Na wote wenye Subaru za kusukuma magurudumu yote manne, matairi manne yawe ya kampuni moja, saizi moja, uchakavu mmoja. La sivyo gia itakuja kuwadai.

Dada hapo mbele ameuliza juu ya naitrojeni inayouzwa vituoni. Hewa ya kawaida tayari ina naitrojeni asilimia 78. Kama una fedha za kuchezea, jaza. Kama huna, nunua geji yako mwenyewe uiweke kwenye gari, maana geji za vituoni nyingi zimeangushwa chini mara nyingi kuliko zilivyopimwa usahihi.

Na kaka wa kofia ameuliza: likipasuka nikiwa 120, nifanyeje? Shika usukani kwa mikono miwili, uelekeze gari mbele, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, na breki usiiguse mpaka mwendo umeshuka wenyewe. Mguu utataka kuruka kwenye breki. Ukiikanyaga, gari litavutwa na upande uliopasuka, na upande wa pili wa barabara ile kuna malori.

Magari yenu yamesimama nje tangu alasiri, kwa hiyo matairi yamepoa na huu ndio wakati wa kuyapima. Nina geji mbili na tochi. Tuanze na mstari ule ulio karibu na lango. Kila mmoja afungue mlango wa dereva asome kibandiko cha upepo kabla sijafika kwake, na wenye 19 wasiondoke.